Vipira Vinavyobeba Gari

Katika nchi ya vilima kama ile ya Kisii, gari halizeeki kwa urefu wa safari tu, bali huzeeka kwa ubaya wa njia. Safari ya kutoka Mosocho hata mjini Kisii si ndefu. Walakini mwenye shamba lililo mbali na barabara kuu humpasa kwanza kushuka na kupanda njia za udongo na changarawe zilizochimbwa na maji. Mvua za huko ni nyingi, nazo huja kwa misimu miwili: ile kubwa ambayo huanza mwezi wa Machi, na ile ndogo ya Septemba hata Novemba. Kila mvua huacha mashimo yake, na kila shimo ni pigo kwa gari. Baada ya tairi, kitu kinachopokea pigo hilo ni kipira kidogo kisichoonekana, ambacho mafundi hukiita bushi.

Yafaa kwanza kueleza kazi yake. Pikapu nyingi zinazotumika mashambani, mathalani Toyota Hilux na Isuzu D-Max, huwa na springi za vyuma vya bapa upande wa nyuma. Vyuma hivyo hupangwa kimoja juu ya kingine, kisha hufungwa kwenye ekseli kwa boliti zilizopindwa mfano wa herufi U. Chuma kilicho kirefu kuliko vyote kimekunjwa ncha zake mbili zikawa pete. Pete ya mbele hushikwa na boliti kwenye chasisi. Pete ya nyuma huning'inia katika kiungo kinachocheza kama bawaba, ili springi ipate nafasi ya kurefuka inapolemewa na mzigo. Ndani ya pete hizo, na ndani ya bawaba ile, ndimo zilimo bushi. Kazi yake ni kuzuia chuma kisigongane na chuma, na kuishika springi mahali pake huku ikiiachia icheze kidogo.

Malori ya zamani, kama yale ya Bedford yaliyoonekana sana katika Afrika ya Mashariki miaka ya 1950, yalikuwa na bushi za chuma zilizohitaji kutiwa grisi mara kwa mara. Dereva wa siku zile alilazimika kuingia uvunguni na bomba la grisi mkononi, na kwa njia hiyo aliiona springi yake na kuijua hali yake. Pikapu za siku hizi hutumia bushi za mpira, ambazo hazitaki grisi. Hiyo ni faida kubwa. Lakini kwa kuwa hazimwiti mtu kuzitazama, husahauliwa mpaka zinapokwisha kabisa.

Ndivyo ilivyomtokea mkulima mmoja wa Mosocho, ambaye pikapu yake kuukuu ndiyo inayopeleka ndizi zake katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii, na ndiyo inayorudi na mbolea. Tena usiku, jirani akiugua, ndiyo inayobishiwa hodi. Gari hilo lilianza kulia kwa nyuma, ngo, ngo, kila lilipovuka tuta au shimo. Akaambiwa kwamba ni shokapu. Akanunua shokapu mbili mpya. Kelele ikaendelea. Baada ya miezi michache akaambiwa tena kuwa shokapu alizonunua hazikuwa nzuri, akanunua nyingine. Kelele haikukoma. Mwishowe akaizoea, kama mtu anavyouzoea mlango unaolia, akasema kuwa gari la shamba halikosi kelele.

Dalili ya mvua ni mawingu. Asubuhi moja alikuwa akishuka mteremko, nyuma mikungu ya ndizi imejaa, na kando yake ameketi jirani mgonjwa aliyekuwa akipelekwa hospitali. Mtoto akakatiza njia mbele yake. Alipokanyaga breki, mkia wa gari ulikwenda upande kama ng'ombe anayekataa kamba, na gurudumu la nyuma likasimama shubiri moja kutoka ukingo wa mtaro. Mtoto aliponea chupuchupu, na mgonjwa alifika hospitali salama; bali mwenye gari hakulala vizuri usiku ule.

Mwezi wa Agosti mwanawe alirudi nyumbani kwa likizo. Kijana huyo alikuwa akisomea ufundi wa magari katika chuo, naye alipoisikia kelele hakutaja shokapu. Alichukua mtalimbo, akauingiza baina ya springi na chasisi, akausukuma polepole. Pete ya mbele ya springi ya kushoto ikacheza kwa upana wa kidole. Kando ya boliti palikuwa na unga mwekundu wa kutu, alama ya chuma kinachosuguana na chuma. Kisha alipima kwa utepe tangu boliti ya mbele hata ekseli, kushoto na kulia, akaona kwamba upande mmoja umeuzidi mwingine kwa zaidi ya nusu sentimita.

"Tata," akasema, maana ndivyo Mgusii amwitavyo baba yake, "shokapu zako hazikuwa na kosa. Bushi zimekwisha. Ukikanyaga breki, ekseli hujisogeza nyuma upande mmoja, na mkia wa gari huenda unakotaka wenyewe."

Yule mzee aliinamia gari, akayatazama yale mapande ya mpira yaliyopasuka kama udongo wa kiangazi. "Nimenunua shokapu nne," akasema, "kwa ajili ya kipira hiki?"

"Ndiyo, Tata."

Wakakubaliana kuifanya kazi hiyo nyumbani. Si ubahili uliowapeleka huko, bali hesabu: bushi zenyewe hazikuzidi mauzo ya mikungu michache ya ndizi, na sehemu kubwa ya gharama ya kazi kama hii ni saa za fundi. Kijana alikwenda mjini na namba ya chasisi imeandikwa katika karatasi, na bushi moja kuukuu mfukoni, ili alinganishe. Jambo hilo ni la maana. Bushi isiyolingana na pete yake, ikiwa imelegea hata kidogo, haitadumu. Na madukani zimo nyingi zinazofanana kwa macho lakini hazilingani kwa kipimo. Alipouzwa kama anataka zile ngumu za plastiki zinazosifiwa kwa kudumu, alikataa, kwa kuwa ugumu wake huupeleka mtikiso wa njia ya changarawe moja kwa moja katika chasisi. Akachukua za mpira.

Jioni ile boliti zote zilisafishwa kwa brashi ya waya, zikatiwa mafuta ya kulegeza kutu, zikaachwa mpaka asubuhi. Anayeruka hatua hii hujuta, kwa maana boliti iliyokaa miaka mingi katika matope hushikana na bomba la ndani la bushi kana kwamba imechomelewa.

Asubuhi yake gari lilipelekwa katika uwanja wa kuanikia mahindi, mahali pekee palipokuwa tambarare katika boma lile. Magurudumu ya mbele yakawekewa mawe mbele na nyuma, na mbao nene ikatandikwa chini ya jeki isije ikazama katika udongo. Gari likainuliwa. Ndipo mzee alipoanza kupanga matofali chini ya chasisi, mawili mawili, kwa uhodari wa mtu aliyejenga nyumba yake mwenyewe.

Kijana alisimama kando, spana mkononi, asiingie.

"Ingia," baba akasema. "Jua linapanda."

"Tata, naomba tutafute stendi za chuma."

"Nyumba nzima imesimama juu ya matofali haya haya, nayo ina miaka zaidi ya ishirini. Yatashindwaje na gari?"

Kwa desturi ya Wagusii, mtoto hambishii baba yake ovyo, tena uwanjani ambapo majirani wanasikia. Kijana hakupandisha sauti, wala hakuingia uvunguni. "Tata," akasema, "nyumba imetulia. Tofali hubeba mzigo uliotulia miaka mingi. Bali mzigo ukisukwasukwa, hupasuka ghafula wala halionyi. Na mimi humo chini nitapiga nyundo."

Mzee akanyamaza. Alichukua tofali moja, akaligeuza mkononi, akaona ufa mwembamba uliopita katikati yake, ambao kabla hakuuona. Akalitupa kando. Kisha akayatoa na mengine yote kwa mikono yake mwenyewe, akamtuma mdogo wa yule kijana kwa jirani mwenye matatu akaazime stendi nne. Nusu ya siku ilipotea kwa kungoja. Huenda hiyo ndiyo nusu siku iliyotumika vizuri kuliko zote katika boma lile mwaka huo.

Kila mwenye gari na alishike neno hili hata kama atasahau mengine yote: chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake haingii mtu, si kwa dakika moja, si kwa kuokota nati iliyoanguka. Jeki ni ya kuinulia. Kushikilia ni kazi ya stendi. Wala mawe, matofali, magogo na rimu kuukuu zilizopangwa juu kwa juu si stendi. Chuma cha gari hakimjui mwenyewe.

Stendi zilipokuja, ziliwekwa chini ya chasisi pande zote mbili, na jeki ikaachwa chini ya ekseli ili ipandishwe na kushushwa kadiri ya haja. Walianza upande wa kushoto, nao hawakuugusa upande wa kulia mpaka wa kwanza ulipofungwa. Wangelegeza pande mbili kwa pamoja, ekseli ingeondoka mahali pake, na kuirudisha ingekuwa kazi ya siku nyingine.

Boliti ya bawaba ya nyuma ilitoka bila taabu. Ile ya mbele ilikataa. Jirani mmoja aliyekuja kutazama akashauri ichomwe kwa moto wa gesi, maana ndivyo alivyoona ikifanywa mahali fulani. Kijana alikataa kwa sababu tatu, nazo zafaa kukumbukwa. Tangi la mafuta li karibu sana na boliti hiyo. Moshi wa mpira unaoungua ni sumu kwa anayeuvuta. Tena chuma cha springi kimepikwa kiwandani kwa kipimo maalum ili kipate kunyumbuka. Kikipata moto tena hulegea mahali pale, na siku moja hukatika njiani chini ya mzigo. Basi wakaongeza mafuta, wakagonga kidogo kidogo, wakaizungusha boliti mbele na nyuma kwa spana ndefu, hata baada ya saa moja na zaidi ikasalimu amri.

Kuitoa bushi kuukuu ndani ya pete hakukuhitaji mashine. Kijana alitumia boliti moja ndefu, kipande cha bomba la chuma kipana kuliko bushi, na washa moja nyembamba kuliko pete. Alipolikaza nati, boliti iliivuta bushi kutoka katika pete mpaka ikaingia ndani ya lile bomba. Upande mmoja ganda la nje la chuma lilibaki limeng'ang'ania. Akalikata kwa msumeno wa chuma, polepole, akiangalia meno yasiikwaruze pete yenyewe. Kwa maana mkwaruzo katika chuma cha springi ndio mwanzo wa ufa. Kisha pete ikasuguliwa kwa brashi mpaka ikang'aa, na bushi mpya ikavutwa ndani kwa njia ile ile, imepakwa maji ya sabuni ili iteleze. Grisi ya kawaida haikutumiwa, kwa kuwa aina nyingi za mpira huvimba na kuharibika zikikaa katika mafuta.

Saa kumi alasiri upande wa kushoto ulikuwa umerudishwa. Kijana aliingiza boliti, akaweka nati, akachukua spana ndefu kabisa ili azikaze kwa nguvu zake zote, gari lingali juu ya stendi. Baba yake wakati huo alikuwa ameketi juu ya kigoda, miwani machoni, akikisoma kitabu cha matengenezo alichokuja nacho kijana kutoka chuoni.

"Ngoja, mwanangu," akasema. "Kitabu kimesema nini juu ya kukaza?"

"Kukaza ni kukaza, Tata."

"Hapa pameandikwa ya kuwa boliti hizi zikazwe mara ya mwisho gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake."

Kijana akatoka uvunguni, akajifuta mikono, akausoma ule ukurasa begani pa baba yake. Akacheka kwa haya. Alikuwa amefundishwa jambo hilo darasani, akaliandika katika daftari, na haraka ya kumaliza kabla ya giza ikalifuta kichwani.

Sababu yake ni hii. Bushi ya mpira haizunguki katika boliti kama gurudumu katika ekseli. Bomba lake la ndani hubanwa na boliti lisigeuke, na springi inapocheza, ni mpira wenyewe unaojipinda kisha ukarudi. Boliti ikikazwa huku gari linaning'inia, mpira hushikwa katika hali hiyo ya kuning'inia. Gari likishushwa, springi hubadilisha umbo, na mpira huwa umekwisha kupindika hata kabla ya safari kuanza. Kila shimo huupinda zaidi, mpaka ukachanika. Mtu huyo baada ya muda mfupi hulaumu duka lililomwuzia bushi, kumbe alizivunja mwenyewe siku ya kwanza kwa kuzikaza mahali pasipofaa.

Kwa hiyo nati zilishikizwa tu. Siku ya pili upande wa kulia ukafanywa vivyo hivyo, kwa nusu ya muda wa ule wa kwanza. Magurudumu yakarudishwa, gari likashushwa, likasukwasukwa mara kadhaa ili springi zikae mahali pake. Ndipo boliti zikakazwa kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu. Kipimo hicho si kimoja kwa magari yote, na anayekikisia kwa nguvu ya mkono wake anaweza kuilegeza boliti au kuikata. Boliti zile za herufi U nazo zikapimwa. Mwisho umbali wa ekseli ukapimwa tena kwa utepe, na mara hii kushoto na kulia palilingana.

Asubuhi ya tatu mzee alikwenda na gari peke yake, bila mzigo, mpaka kwenye mteremko ule ule. Alipohakikisha kwamba njia ni tupu, alikanyaga breki. Gari likasimama likiwa limenyooka. Kelele ya ngo, ngo haikuwapo. Zilibaki kelele nyingine ndogondogo, maana gari lilikuwa bado ni lile lile kuukuu, lakini ile aliyoichukulia kuwa desturi ilikuwa imekwisha. Baada ya majuma mawili boliti zote zilijaribiwa tena kwa spana, na moja ilikubali kukazwa kidogo. Kazi ya namna hii haikamiliki bila ukaguzi huo wa pili.

Haifai mtu adhani kwamba kila ubovu wa gari watengenezwa nyumbani. Chuma cha springi kilichopasuka, chasisi iliyopinda au iliyoliwa na kutu mahali boliti inaposhika, usukani na mabomba ya breki, hayo yapelekwe kwa fundi mwenye vifaa na ujuzi. Vilevile asiye na stendi, au asiye na mahali tambarare, asianze. Magari ya biashara nchini Kenya yanapaswa kukaguliwa kila mwaka chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Walakini baina ya ukaguzi na ukaguzi zipo siku mia tatu na zaidi za mashimo na matope, na katika siku hizo mkaguzi ni mwenye gari mwenyewe. Na bushi mpya hazitamwokoa yule anayepakia mikungu mpaka springi zikapinda kuelekea chini. Mzigo uliozidi huzila upesi kuliko njia mbaya.

Mkulima yule hununua daftari la kuandikia mauzo ya ndizi kila mwaka. Jioni ile alilifungua kwa nyuma, akapiga mstari, akaandika tarehe, kilomita zilizosomwa katika saa ya gari, na maneno haya: "Bushi za nyuma, pande zote mbili." Chini yake akaandika siku ya kuzitazama tena kwa mtalimbo, kabla ya mvua za Machi. Kisha akamwita mwanawe, akampa kalamu, naye akaandika jina lake kando, kama afanyavyo fundi aliyekabidhi kazi. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Na gari nalo ni mali.